Kitamu, Ila Ndani Kibichi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeapa kutoingilia. Naandika hapa ili kiapo kiwe na ushahidi.

Naandika kwa herufi za chuoni, zile alizoniingiza kichwani marehemu Mwalimu Mwinshehe kwa bakora. Kwa hiyo daftari hili hasomi mtu. Humu ndani wote wamekwenda shule na hakuna hata mmoja anayejua alifu kwa kijiti. Mimi za Kurani nazijua. Za shule zilinipita. Shule sikuikanyaga hata kwenda kuuza karanga.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wangu Raya, miaka kumi na saba, kaandika riwaya. Kitabu kizima! Kinamhusu binti mmoja Maulida anayetaka kuwa mwandishi, kisha anampenda kijana Feisal, kisha taabu. Yuko mama wa Dar, Bi Saida, mchapaji wa vitabu. Kasema nakala tatu ziwekwe wiki nzima kwenye maktaba yetu ya mtaa, hapa Bagamoyo, na pembeni liwekwe daftari wasomaji waandike maoni. Jumamosi anakuja mwenyewe kulisoma. Wasomaji wakikipenda, atakichapa. Wasipokipenda, mwanangu Muhidini, baba yake Raya, keshasema: Raya ataondoka kwenda Vigwaza kwa shangazi yake kufuga kuku.

Raya na kuku! Mtoto huyu akiona jogoo anapanda juu ya kitanda.

Asubuhi kanishika mikono yote miwili. Bibi, nakuomba, usiende maktaba. Nikaapa.

Alasiri nikawa napita tu. Jua kali. Nikaingia maktaba kupoa. Daftari jeupe pe! Bwana Twalha, mtunza maktaba, kaniambia leo wamekuja watu kumi na wanne. Wote kuchaji simu.

Kupoa jua si kuingilia.

Jumanne, 5 Agosti

Raya jana hakula. Kaugusa wali kwa kidole kama anaupima homa. Akaenda kulala.

Nimefikiri sana. Mwenye kuvunja kiapo, kafara yake kulisha masikini kumi. Haya. Mimi nitawapikia vitumbua watakaokwenda maktaba kuandika maoni. Mle ndani masikini kumi hawakosi. Kiapo navunja na kafara natoa kwa sahani hiyo hiyo! Akili hizi hazifundishwi shule.

Mchele nilikuwa nimekwisha kuuloweka tangu jana. Sijui kwa nini. Mkono ulitangulia.

Saa nne niko maktaba na sinia langu. Nikaliweka mezani, katikati ya zile nakala tatu na daftari. Nikatangaza mlangoni kwa sauti ya kuitia watu msibani: njooni, chukueni kimoja kimoja, ukimaliza andika maoni yako kwenye daftari, na useme kweli!

Wakaja. Lo! Madereva wa bodaboda. Akina mama waliotoka kliniki na watoto migongoni. Wauza samaki wenye magamba mpaka kwenye nyusi. Sijapata kuona Waswahili wenye kiu ya kusoma namna ile. Kalamu ikagombewa.

Saa sita akaingia Bi Mwajabu. Jirani yangu, na mshindani wangu tangu tukiwa wari. Huyu alisoma kisomo cha watu wazima enzi zile, na cheti chake kakitundika juu ya televisheni ili mgeni asikikose. Kaniuliza mbele za watu kama mimi mwenyewe kitabu nimekisoma. Mbele za watu! Nikamjibu kwamba mambo ya nyumbani kwetu hayamhusu. Akachukua nakala moja, kitumbua akakiacha. Eti siku hizi anaogopa mafuta. Yeye, ambaye maandazi yake ukimrushia mbwa anakwenda kukushitaki!

Kaondoka na kitabu kwapani. Anakwenda kutafuta makosa. Namjua.

Jumatano, 6 Agosti

Maoni ishirini na moja!

Nimemwomba Bwana Twalha anisomee. Kasoma huku anatafuna, lakini nimeyasikia yote vizuri. Wa kwanza: kitamu sana. Wa pili: kitamu, Mungu akuzidishie. Wa tatu: nimekimaliza nikiwa nimesimama hapo hapo mlangoni. Wa nne: laini, hakichoshi. Mwingine kasema kimoja hakimtoshi, anaomba na cha kumpelekea mkewe.

Machozi yalinitoka. Kitabu cha mtoto wangu! Wanakimaliza wamesimama!

Mmoja tu kaharibu. Kaandika: kitamu, ila ndani kibichi. Nikamuuliza Twalha nani huyo. Akasema Abdulazizi, fundi wa pikipiki. Nikamfuata mpaka gereji.

Nikamuuliza ana maana gani kusema ndani kibichi. Akasema shikamoo kwanza, ana adabu, kisha akasema pembeni kimeiva vizuri, tatizo ni katikati. Nikamwambia mtengenezaji ni mtoto wa miaka kumi na saba, katikati alitaka kuwe vipi? Akasema hakujua kama katengeneza mtoto, alidhani ni mimi. Nikamwambia mimi siwezi kazi ile, ni yeye peke yake, kajifungia chumbani na kitu hicho miezi tisa. Akashituka. Miezi tisa? Nikamwambia tisa kamili, na kuna mahali alikitupa kabisa akakiokota tena.

Abdulazizi kakaa chini juu ya tairi. Kashika tumbo. Kaniuliza kama waliokula wengine wako salama.

Vijana wa siku hizi maneno yao siyaelewi. Lakini nadhani nimemtia haya.

Bwana Twalha kaniuliza kama kesho naleta tena. Kasema maoni yatategemea hilo.

Alhamisi, 7 Agosti

Maoni thelathini na nne. Raya kala sahani mbili usiku! Nilimwambia maneno ni matamu tupu. Kaniuliza nimejuaje. Nikasema upepo. Kanitazama, kisha akachukua mkia wa samaki. Mtoto anayechukua mkia ana matumaini.

Lakini leo pia kuna msiba. Bi Mwajabu karudisha kitabu.

Nilikuwa pale na sinia. Kakaa kwenye kiti, kavaa miwani, kaivua, kaifuta, kaivaa tena. Kisha akaandika. Akaandika! Wenzake wanaandika mstari mmoja, yeye ukurasa mzima. Akageuza. Wa pili nao! Pale katikati nikamwona anajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Anacheka mpaka machozi. Anamcheka mtoto wangu!

Nikajiambia: Zuleha, sifa ni fupi siku zote. Mtu akisifu anasema mashallah basi. Kinachohitaji kurasa mbili ni matusi. Hata barua za talaka ni ndefu kuliko za posa.

Alipoondoka nikamtuma Twalha akaniletee maji. Nikatoa wembe wangu wa kukatia nyuzi. Kurasa mbili zikatoka kimya, kama jino la maziwa. Nimezikunja nimezitia sandukuni, chini ya sanda yangu. Pale hapapekui mtu nikiwa hai.

Huu si wizi. Hii ni palizi. Shamba likiota magugu unang'oa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Maktaba imefungwa. Kila mtu yuko nyumbani anavuta hewa yangu.

Muhidini katoka msikitini kasema watu wananisifu njia nzima. Nikauliza wanasifu nini. Akasema vitumbua. Nikamwambia watu wana haya, wanaanza na vitumbua ndipo waingie kwenye kitabu.

Bi Mwajabu kanikuta uani naanika mpunga. Kaniuliza kama Raya keshayasoma maoni yake. Nikasema kuku wanakula mpunga. Akauliza tena. Nikamfukuza kuku ambaye hakuwepo. Hapo akasema neno lililoniingia: eti yule bibi wa kwenye kitabu ni wewe mwenyewe. Kisha akaniuliza mimi nilionaje pale mwisho, Maulida aliposamehe.

Nikasema vizuri.

Vizuri nini? Mwisho siujui! Raya alinisomea mwezi wa Rajabu. Nilisikiliza sura ya kwanza, na ya pili, na katikati ya ya tatu usingizi ukanichukua, maana nilikuwa nimetoka shamba. Alipofunga kitabu nikaamka nikasema mashallah. Kumbe ndani nipo mimi. Mtaa mzima unanisoma na mimi sijui ninafanya nini mle!

Nikaenda kumwomba Raya anisomee. Kasema leo hawezi, akikifungua anatapika. Kesho ndiyo kesho. Anakunja nguo moja, anaikunjua, anaikunja.

Nikamkalia pembeni. Nikamwambia hata ukienda Vigwaza nitakwenda nawe, nitawafukuza kuku mimi, wewe utaandika. Kacheka kidogo. Kisha kalia. Kisha kacheka tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Ya Rabi.



Bi Saida kafika saa tatu. Mama mnene, mtulivu, gauni la kitenge, miwani ya kamba. Nikampenda. Tulikuwa mimi, Raya, Muhidini, Bwana Twalha, na Bi Mwajabu ambaye hakualikwa. Bi Saida kafungua daftari, kasema atasoma kwa sauti ili mwandishi asikie mwenyewe. Raya kanishika mkono. Wake wa baridi.

Kitamu sana, Mungu akuzidishie. Bi Saida akatabasamu.

Nimekimaliza nikiwa nimesimama mlangoni. Akasema waandishi wanangoja maisha yao yote kuambiwa neno kama hilo. Raya akanibana kidole mpaka kikaalika.

Kimoja hakinitoshi. Bi Saida akasema hata yeye anatarajia kitabu cha pili.

Kimeumuka vizuri. Hapo akasita. Akarudia taratibu: kimeumuka.

Iliki imekolea.

Bi Saida akanusa ukurasa.

Mafuta mengi, nimejifuta kwenye pazia, samahani. Twalha akageuka kutazama pazia.

Kingepata chai ya rangi. Leo ni vidogo kuliko vya jana. Na Abdulazizi, huyu wa laana, karudi akaongeza mstari: nimeambiwa kimepikwa miezi tisa na kiliwahi kutupwa, tumbo linaniuma, Mungu ninusuru.

Bi Saida akavua miwani. Akauliza kwa upole kabisa, ule upole wa daktari: kuna yeyote aliyesoma kitabu?

Mimi hapo ndipo nilipoelewa. Nilisema chukueni kimoja! Nilisema ukimaliza andika! Kitabu kitamu, kitumbua kitamu, nani atatofautisha? Lugha yenyewe ndiyo imenisaliti, mimi sina kosa. Nikamtazama Twalha. Kainamisha kichwa. Alijua tangu Jumatano! Kakiri pale pale kwamba aliona angesema, sinia lisingekuja tena.

Raya akaniachia mkono. Angenitukana ingekuwa nafuu. Muhidini akatoa simu, akasema ampigie dada yake Vigwaza amwambie mgeni anakuja.

Ndipo Bi Mwajabu akanyanyuka. Akasema yeye kasoma, mwanzo mpaka mwisho, na kaandika kurasa mbili. Bi Saida akapekua. Hakuna. Akapekua tena. Akapitisha kidole pale katikati kwenye mshono. Vipande viwili vya karatasi, vimenyooka kama vimepigwa rula.

Wote wakanitazama mimi. Kwa nini wote watazame mtu mmoja? Hakuna hata aliyejisumbua kumtazama mwingine!

Ningeweza kunyamaza. Wallahi ningeweza. Lakini Raya alikuwa anatazama ile simu ya baba yake.

Nikakimbia. Mimi, mtu wa magoti mabovu, nimekimbia mchana kweupe, kanga mkononi, watoto wakanishangilia njiani. Nikafungua sanduku, nikachomoa kurasa chini ya sanda, nikarudi. Nikampa Bi Mwajabu mwenyewe mkononi. Nikasema mbele za watu wote: nilizikata mimi, nilidhani ni matusi, sijui kusoma. Neno hilo sijapata kulisema mbele yake miaka hamsini.

Hakunicheka. Kavaa miwani, kasoma.

Kaandika hivi. Kwamba alianza kitabu baada ya Alasiri, na maharage yake yakaungua mpaka sufuria ikatoboka, na hakujuta. Kwamba yeye naye alipokuwa mwari alitunga mashairi, na baba yake akayawashia moto wa kuchemshia maji. Hilo sikulijua! Tumekaa jirani maisha yetu yote, na hilo sikulijua! Kwamba Maulida alipolificha daftari lake, yeye Mwajabu aliona ni lake mwenyewe limerudi kutoka jivuni. Kwamba Feisal kazidi wema, punguza, mwanamume asiyekosea anachosha. Kwamba sura ya sita mpaka ya nane zimelala, ziongezewe moto. Na kwamba yule bibi anayekaa mlangoni na kuwadanganya wageni kuwa mjukuu ana tetekuwanga, ili mtoto aandike kwa utulivu, bibi huyo anamfahamu, na anadaiwa uji, maana yeye Mwajabu alimpelekea uji mgonjwa mara tatu!

Ni kweli nilisema tetekuwanga. Mara mbili. Mara ya tatu nilisahau nikasema surua.

Raya alikuwa analia. Siyo kilio cha jana. Kamuuliza Bi Mwajabu, sura ya sita imelala wapi hasa? Na wawili wale wakaanza kubishana kama wauza nazi, mtoto na bikizee, mpaka Bi Saida akalazimika kugonga meza.

Kasema vitumbua havichapi kitabu. Lakini sufuria moja iliyotoboka ina uzito. Kitabu anakichukua. Raya aiivishe ile katikati kwa miezi mitatu, yeye atamsaidia kwa simu kila wiki. Kisha kitapelekwa kwa wanafunzi wa sekondari za Lugoba na Miono, wasome, waandike maoni ya kweli. Wakikipenda, mtamboni.

Muhidini kairudisha simu mfukoni. Kasema kuku wa Vigwaza wamekaa bila Raya miaka yote, miezi mitatu hawatakufa.

Kisha Bi Saida kanigeukia mimi. Kaomba niahidi mbele ya mashahidi: nisipike kwa ajili ya wasomaji, na nisikate ukurasa. Nikaahidi. Akachukua kitumbua kwenye sinia nililoleta asubuhi, akala. Kasema kweli, ndani kibichi kidogo. Moto ulikuwa mkali, nilikuwa na haraka.

Jumapili, 10 Agosti

Raya kanisomea kitabu chote. Tumeanza baada ya chai ya asubuhi, tumemaliza Magharibi ikiadhiniwa. Kabla hajafungua nikamuuliza: bibi anakufa? Akasema hafi. Nikasema haya, soma.

Sikulala. Hata sura ya sita sikulala, nilifumba macho tu.

Maoni yangu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza: Feisal anaomba msamaha mara saba. Mwanamume wa namna hiyo hayupo Bagamoyo, wala Lugoba, labda wamfuate Unguja. Maulida anakula kidogo mno. Bibi ndiye mtu pekee mwenye akili mle ndani. Na pale Maulida anapomwandikia barua bibi yake, akijua bibi hawezi kuisoma, na bibi anaikunja anaitia kifuani hivyo hivyo, pale nilikwenda uani kuangalia mpunga. Mpunga ulikuwa salama. Nikakaa huko kidogo.

Niliporudi Raya kanikumbatia. Kasema amenisamehe, ila nisirudie. Nikasema sirudii, wallahi.

Kesho nafunga, maana kulisha kumeniponza. Kafara zimekuwa mbili: ya kiapo na ya wembe.

Alhamisi, 14 Agosti

Bi Mwajabu ananifundisha herufi za shule! Kila siku baada ya Alasiri, kibarazani kwake, chini ya cheti. Nimempelekea uji, tumekuwa sawa. Kasema kwa umri wangu nina kichwa chepesi. Nikamwambia kwa umri wake ana mdomo mzito. Tumecheka mpaka jirani wakatoka.

Alitaka tuanze na jina langu. Nikamwambia jina langu nalijua, sina haja nalo. Nikamwomba anifundishe kuandika "kitabu kizuri sana". Kaniuliza kwa nini hayo. Nikamwambia ni maneno ya busara, yana herufi nyingi za kujifunzia. Kanitazama juu ya miwani kwa muda mrefu. Kisha akaniandikia.

Nimeyaandika siku nne. Mkono wa kulia yanatoka mazuri, kama ya mwalimu wa kike. Ya mkono wa kushoto yanapinda pinda, herufi zinaangukiana, ukiyaona unasema haya ni ya kijana wa kidato cha pili wa Miono, tena mvivu. Leo nimejaribu kwa kalamu ya risasi nikiwa nimesimama. Hayo ni ya msichana wa Lugoba.

Bi Mwajabu kauliza kama pia nataka kujua "siwezi kukiweka chini". Nikasema naam, somo, hilo litafaa.

Niliahidi kutopika. Niliahidi kutokata. Mashahidi walikuwepo watano, na hakuna hata mmoja aliyesema nisiandike.